Kocha Anasema Tunamdoji

Kahawa ilishamiminwa, lakini benchi la nje ya duka la fundi cherehani lilikuwa na pengo upande wa ukutani, pale alipozoea kukaa Kocha. Mwezi mzima alikuwa kalazwa hospitali, tangu akatwe mguu. Jana binti yake alimpigia simu Sindano, fundi mwenye duka, akamfikishia maneno ya baba yake: “Waambie wenzako wananidoji.” Sindano alipowaambia, mabishano yakaanza palepale.

— Neno la mpira hilo, alisema Breki, dereva wa lori. Kumdoji mtu ni kumpiga chenga. Kocha anatusifu.

— Anatusifu kwa lipi? aliuliza Sindano.

— Ngojeni niwape Kiingereza chenyewe, alidakia Mkalimani, aliyewahi kufanya kazi hotelini na hajaacha kukisema. Kudoji ni kukwepa kitu kinachokujia. Jiwe, gari. Kocha yuko kitandani, haji popote. Sasa tutamkwepaje?

— Na wanafunzi wanaodoji shule? aliuliza Sindano. Shule inawajia?

— Hiyo lugha ya watoto.

— Basi ni dawa, alisema Breki. Zile dawa za maumivu zinarusha akili. Mgonjwa akizinywa, hata nesi anamwita shangazi.

Wakacheka kidogo. Sindano hakucheka. Maana ya neno lile aliijua. Jumapili moja alivaa shati safi, akanunua machungwa, akafika hadi mlangoni mwa wodi. Akaliona shuka lilivyolala bapa upande mmoja, akageuza. Machungwa aliyaacha kwenye kiti cha basi.

Breki alikuwa bado anaeleza habari za dawa alipofika binti wa Kocha, macho yamemvimba.

— Shikamooni. Baba ametutoka alfajiri.

Breki alisimama, akampisha kwenye benchi.

— Jana jioni aliniambia nisiwalaumu. Alisema huenda mlikuja, walinzi wakawarudisha. Ni kweli, baba zangu, mlirudishwa?

Mkalimani aliinamia kikombe chake. Breki akatazama barabara. Kusema ndiyo kulikuwa rahisi mno, na binti angeondoka moyo umetulia. Sindano alikiweka kikombe chini.

— Hapana, mwanangu, alisema. Hakuna aliyeturudisha.

Binti alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa analijua jibu tangu nyumbani.

— Mazishi ni kesho saa kumi, alisema. Mje.