Bi. Perel Hochstein na Dakika Kumi za Simu

Baada ya kukitumikia Chuo cha Biashara cha Neve Ezra, Queens, kwa miaka thelathini na mitatu, Bi. Perel Hochstein, Mkuu wa Ofisi ya Ajira, anastaafu rasmi tarehe 28 Juni 2024. Tarehe hiyo ni Ijumaa, na ameichagua mwenyewe. Anasema anataka siku yake ya mwisho kazini iishe mapema, akapike chakula cha Sabato bila kuharakishwa, na asiwepo mtu wa kumwomba abaki kidogo amalizie barua.

Kamati ya sherehe imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa ofisi zetu zimepakana muda wote huo. Nadhani ni kwa kuwa pia nimegombana naye kuliko mtu mwingine yeyote hapa chuoni. Mimi ni mtu wa ratiba. Kengele ikilia saa saba na nusu mchana, Talmudi, kitabu cha sheria za Kiyahudi, imekwisha na uhasibu umeanza, na kijana ambaye bado anabishana na mwenzake kuhusu kesi ya kitabuni ya ng'ombe aliyeingia shamba la jirani ajue kwamba ng'ombe huyo atamsubiri hadi kesho asubuhi. Bi. Hochstein hajawahi kuiheshimu kengele yangu. Amewatoa wanafunzi katikati ya mtihani wa majaribio kwa sababu mwajiri amepiga simu, na nilipokwenda kulalamika alinipa kipande cha keki.

Aliajiriwa Agosti 1991 kama mpiga chapa. Alipewa meza ndani ya iliyokuwa stoo ya jikoni, na wapishi walipoinjika maharage na nyama kila mwisho wa wiki, barua za maombi ya kazi za vijana wetu zilifika Manhattan zikinukia vitunguu. Wakati ule chuo hakikuwa na ofisi ya ajira. Vijana walisoma Torati asubuhi na biashara mchana, wakahitimu kwa alama nzuri, kisha wengi wakaishia kuuza vitambaa kwenye duka la mjomba. Bi. Hochstein aliyekuwa akichapa vyeti vyao aliona hilo ni upuuzi. Hakumwomba mtu ruhusa. Alichukua kitabu cha simu, akaanza na herufi A.

Waajiri wa kwanza walimuuliza swali lile lile: hawa vijana wanaoondoka mapema Ijumaa watatufaa nini? Badala ya kubembeleza, alitengeneza jedwali. Linaonyesha saa ya kuzama jua, Sabato inapoanza, kila Ijumaa kuanzia Novemba hadi Februari, saa ambayo kijana lazima awe ameshaondoka kazini, na kando yake, saa ambayo atarudi Jumapili kufidia. Jedwali la Ijumaa, kama tunavyoliita, limebandikwa leo katika ofisi ambazo hazina Myahudi hata mmoja. Mwajiri mmoja aliwahi kumwambia kwamba sasa naye anaondoka kazini kwa saa za jedwali hilo, na mkewe anamshukuru sana Bi. Hochstein.

Vijana nao walihitaji kufundwa. Mtu aliyezoea kusoma kwa kupiga kelele na mwenzake tangu alfajiri hawezi kukaa kwenye usaili bila kumpinga msaili. Bi. Hochstein aliwaketisha mbele yake, akajifanya mkurugenzi, na kila walipomkatiza aligonga meza kwa stepla. "Mwanangu, mimi si mwenzako wa Talmudi," aliwaambia. "Mimi nina kazi yako hapa mfukoni. Niache nimalize sentensi!" Kupitia ukuta wetu mwembamba nilisikia stepla ile mchana kutwa, na naungama kwamba miaka ya mwanzo iliniudhi sana.

Kwa hesabu ya chuo, amewapatia kazi wahitimu zaidi ya elfu moja na mia moja. Mwaka 2009 alipewa tuzo ya chuo, akaitundika jikoni. Alianzisha mafunzo kazini kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu, na alipigana miaka sita ili chakula cha kosha, kilichopikwa kwa sheria za dini yetu, kiruhusiwe kwenye mikutano ya waajiri. Hayo yote yapo kwenye faili lake, na anayetaka atayasoma. Mimi nataka kueleza Jumatano moja ya Februari 2004, kwa kuwa siku hiyo nilikuwa na mkono wangu juu ya simu.

Tulikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aitwaye Elkana Mandelkorn, kijana mpole, mkubwa kati ya watoto saba. Kampuni moja kubwa ya ukaguzi wa hesabu ilimtuma mtu wake, Bwana Callahan, aje chuoni kuwasaili wanafunzi sita siku ya Jumatano. Majina ya waliofaulu yalitakiwa Manhattan Alhamisi asubuhi. Jumapili baba yake Elkana akafa ghafla. Alizikwa Jumatatu, na Elkana akaketi matanga kwa siku saba kama inavyopasa: kwenye kigoda, shati limechanwa kifuani, vioo vimefunikwa, haendi popote wala hafanyi kazi. Nyumba ya watoto saba ilikuwa imepoteza mshahara wake pekee, na ajira iliyokuwa inawafaa ilikuwa imekaa chumba cha mikutano, inakunywa chai yetu.

Bwana Callahan hakuwa mtu mbaya. Alimaliza watano, akafunga faili, akasema amesikitika kwa msiba lakini hawezi kuandika jina la mtu asiyemsikia. Kisha akapata njia. "Nipeni namba ya nyumbani kwao," alisema. "Dakika kumi za simu zinanitosha. Maswali matatu tu."

Nilifurahi. Nilikuwa na namba, nikanyanyua simu, nikaanza kubonyeza. Bi. Hochstein akaweka kidole chake juu ya kitufe, laini ikakatika.

"Hapokei simu ya kazi," alisema. "Yuko matanga."

Nilimvuta hadi kwenye korido. Nilimwambia, na maneno yangu nayakumbuka vizuri kuliko ninavyopenda, "Perel, dakika kumi! Nani atajua? Kijana mwenyewe ukimuuliza atakubali mara moja."

"Najua atakubali," alisema. "Ndiyo maana simuulizi."

Nilimwambia anachezea riziki ya mayatima. Nilimwambia ni rahisi kushika dini kwa mgongo wa mtu mwingine. Alirudi ndani, akavaa koti, akamtazama Bwana Callahan na kumwambia, "Bwana, sikuombi umsaili. Naomba uje kutoa pole. Gari langu liko nje."

Sijui kwa nini mtu yule alikubali. Labda ni kwa vile theluji ilikuwa imesimamisha treni na hakuwa na pa kwenda. Mimi niliingia kiti cha nyuma bila kualikwa, nikiwa bado nimenuna. Bi. Hochstein huendesha gari vibaya hata kukiwa kukavu, na njia nzima alikuwa amegeuza uso kwa abiria wake akimpa masharti. Mlango uko wazi, usigonge. Usivue kofia. Usimsalimu. Kaa, nyamaza, mpaka yeye aseme kwanza. Na neno la kazi lisitoke kinywani mwako.

"Na asiposema kitu?" aliuliza Bwana Callahan.

"Basi mtakuwa mmenyamaza pamoja."

Walinyamaza pamoja kwa dakika ishirini. Elkana hakumjua, alikuwa amekaa kwenye kigoda chake karibu na mama yake, macho mekundu, na mbele yake mwanaume mkubwa mwenye koti jeusi na kofia nyeusi, mikono magotini. Mwishowe kijana aliinua uso. "Ulimfahamu baba?"

"Hapana," alisema Bwana Callahan. "Niambie."

Elkana akamwambia. Baba yake alikuwa dereva wa basi la shule. Alikuwa na kidaftari mfukoni, na kila alipochelewa kituo, hata dakika moja, aliandika mwenyewe, ingawa hakuna mkubwa wake aliyewahi kuomba kukiona. Mara moja alirudi njia nzima kwenye mvua kwa sababu ya glavu moja ya mtoto. Mama alimgombeza kwa kuchelewa chakula, naye akaandika hilo pia. Kijana alipofika hapo alilia, na Bwana Callahan akasogeza kiti chake mbele kidogo.

Jua likaanza kushuka. Sala ya alasiri ilikuwa imefika, na Elkana hawezi kumsomea baba yake Kadishi, sala ya wafiwa, bila wanaume kumi wa Kiyahudi. Theluji ilikuwa imewazuia majirani. Mjomba wake, mzee Fishel, akaanza kutuhesabu. Kwetu watu hawahesabiwi kwa namba. Kuna aya yenye maneno kumi, kila mtu anapewa neno lake. Mzee Fishel alizunguka chumba akinong'ona, na neno la kumi likamwangukia mwenye kofia nyeusi. "Tumetimia!" alisema, akamkabidhi Bwana Callahan kitabu cha sala na kumsukuma upande wa mashariki.

Bwana Callahan alikifungua kitabu kutoka upande usio wake, kama asiyejua kwamba Kiebrania huanzia kulia. Alitazama kurasa, akatutazama sisi, akamtazama Bi. Hochstein mlangoni. "Samahani," alisema. "Mimi ni Mkatoliki."

Ndipo mama yake Elkana akaanza kucheka. Alijiziba mdomo kwa kitambaa, lakini kicheko kilimshinda, mabega yakatikisika, na watoto, ambao kwa siku tatu hawakusikia sauti hiyo, wakamkimbilia.

Bwana Callahan alikuwa karibu na mlango kuliko sisi sote. "Mmepungukiwa na mmoja tu?" aliuliza, na kabla hajajibiwa akatoka kwenye theluji. Mzee Fishel alipiga kelele dirishani, "Bwana! Usituletee Mkatoliki mwenzako!" Tulimwona akisimamisha watu barabarani. Tulimwona akiingia duka la piza. Jua lilikuwa limebakiza nyuzi chache tu juu ya mapaa aliporudi anahema, amemshika mkono mwoka piza mwenye aproni na unga hadi kwenye viwiko.

"Huyu nimemuuliza kwanza," alisema.

Elkana alisimama, akamsomea baba yake. Bwana Callahan alisimama nyuma kabisa, kofia kichwani, na pale tulipoitikia wote "Amina," naye aliitikia.

Alhamisi asubuhi faksi yetu ilitoa orodha yenye majina matatu yaliyochapwa, na chini yake jina la nne kwa mkono: Mandelkorn, usaili Jumatatu, baada ya matanga. Hakupewa kazi bure. Jumatatu alikwenda na ndevu zake za maombolezo, akasailiwa saa nzima, akabishana na msaili mara mbili kama ilivyo kawaida ya vijana wetu, na akapata. Yuko kwenye kampuni hiyo hadi leo, na wadogo zake wote wamesoma.

Ningeweza kuishia hapo na tukapiga makofi. Lakini wiki ile nilikwenda kwa Bi. Hochstein kumwomba radhi, nikamuuliza: ingekuwaje kama Bwana Callahan angekataa kupanda gari? Alisema kijana angekosa kazi ile, na yeye angerudi kwenye kitabu cha simu. Nikamuuliza kama haoni ni gharama kubwa mno kwa ajili ya dakika kumi.

"Angeipata kazi," alisema, "na kila asubuhi akiingia ofisini angekumbuka aliinuka kwenye msiba wa nani kuipata."

Hakujua anamwambia nani. Baba yangu alifariki mwaka 1996. Siku ya tatu ya matanga simu ilinijia kutoka ofisini, swali dogo la ratiba ya mitihani, nami nikainuka kwenye kigoda nikaenda kulijibu. Wageni waliokuwa wamekuja kumzungumzia baba yangu walikaa wakinisubiri. Nilitumia dakika saba. Sijawahi kumweleza mtu mpaka leo ninapoandika hapa, na zile dakika saba ningezinunua tena kwa miaka yangu yote ya kengele.

Wapo vijana zaidi ya elfu moja waliopewa kazi na mwanamke huyu, na sidhani kama yupo hata mmoja anayeionea aibu siku aliyoipata. Kwa niaba yao, kwa niaba ya walimu na wafanyakazi wote wa Neve Ezra, na kwa niaba yangu mimi niliyekosea, asante. Pumzika kwa furaha, Bi. Hochstein, ukiwa na afya na wajukuu wako, hadi miaka mia na ishirini, kama tunavyotakiana kwetu. Ofisi ina maswali mengi ambayo wewe pekee unajua majibu yake, na nimewaagiza wote: asikupigie mtu simu.

Heshel Zaltzman
Msajili wa Mitihani