Sylvère Musafiri na Kaseti ya Vieux Lukoji

Mon Père, padri wetu, ndugu zangu, majirani wa Jabe, na ninyi wachache mliothubutu kutoka Ngagara kuja kumzika: nisikilizeni. Mimi ni Népomuscène, mdogo wake marehemu. Nimepewa kazi ya kuandika maisha yake kwa kuwa hakuna mwingine aliyebaki anayemjua tangu mwanzo. Yamo mambo ambayo sikupenda kuyaandika, lakini nimeyaandika.

Sylvère Musafiri alizaliwa tarehe 3 Mei 1950 huko Kavimvira, Uvira, mtoto wa kwanza wa mzee Ildephonse, mpima pamba. Mwaka 1964 vita ya kule ilitufukuza. Yeye alikuwa na miaka kumi na minne, mimi sita. Alinibeba mgongoni mpaka tukavuka mpaka, na kila nilipolia njaa aliniambia tutakula Bujumbura. Tulifika Bujumbura, na siku ile hatukula.

Shule ya msingi aliimalizia hapa mjini. Akaingia shule ya ufundi, akawa wa kwanza darasani miaka miwili mfululizo, na mwaka wa tatu wakamtoa kwa kukosa karatasi za mkimbizi. Walimu walimpa pole nyingi. Pole haimshibishi mtu.

Akajifunza redio kwa fundi mmoja wa Buyenzi, na mwaka 1974 akafungua kibanda chake nyuma ya soko la Jabe. Redio, ampli za kukuza sauti, televisheni, vyote alivifungua na kuvifunga. Hakuwa mtu wa maneno. Ukimletea redio iliyoharibiwa na fundi mwingine, hakumsengenya yule fundi. Aliitengeneza huku akicheka peke yake.

Tarehe 12 Julai 1980 alifunga ndoa na Annick, binti wa Ngagara. Ukweni hawakuja. Walisema mtoto wao hawezi kupewa mtu asiye na kwao, akaja shangazi mmoja tu, tena kwa kujificha. Hata hivyo yeye na Annick walikaa Ngagara, Quartier 6, wakapata watoto wawili, na mimi sijaona nyumba nyingine iliyokuwa na kicheko kama ile.

Wote mnajua alivyompenda Vieux Lukoji, yule mzee wa roki kutoka Kolwezi, mwenye gitaa la umeme na sauti ya kukwaruza. Vijana walimtania: mji mzima unacheza rumba, we unasikiliza makelele! Aliwajibu kwamba rumba inambembeleza mtu, Lukoji anamwambia ukweli. Basi Jumapili tarehe 22 Julai 1990 Lukoji akaja kupiga hapa mjini, na tukaenda watatu: yeye, Annick na mimi. Wimbo wa kwanza haujaisha, ampli ikazimika. Kaka yangu akaruka uzio, akaenda nyuma ya jukwaa, akaizungushia fyuzi iliyoungua karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara. Umeme ukarudi, ila waya mmoja ulikuwa umelegea, akabaki amechuchumaa ameushika mpaka mwisho. Lukoji alimshukuru kwenye maikrofoni mbele ya watu wote. Kwa furaha, Annick akaenda mbele ya jukwaa kwenye wimbo wa pili, akavua viatu, akacheza peke yake. Mumewe hakumwona. Alikuwa nyuma, na waya wake.

Juni 1994 vijana wenye silaha walipita Quartier 6 wakiuliza kila nyumba watu wake ni wa wapi. Nilikuwa nakaa nao; tulitoka na nguo tulizovaa, tukahamia Jabe. Picha zote, hata za harusi, zilibaki, na baadaye tuliambiwa zilitumika kuwashia moto. Annick alikufa tarehe 14 Machi 1995 kwa guruneti iliyorushwa sokoni Jabe, akinunua samaki ndagala. Hakuna aliyekamatwa, na hakuna aliyetafutwa.

Mwaka uliofuata Mohamadi, mwenye ukumbi wa video, alimletea deki mbovu pamoja na kaseti ya kuijaribia. Kumbe siku ile ya Lukoji kulikuwa na mtu aliyepiga filamu. Sylvère akaweka kaseti, na kwenye wimbo wa pili akamwona mke wake, viatu mkononi, anacheza. Alikaa chini. Mohamadi, Mungu amlipe, alimwachia ile kaseti siku hiyo hiyo. Tangu hapo kila Jumapili baada ya misa aliitazama peke yake. Hapakuwa na mahali pengine duniani ambapo Annick alionekana. Akavunja kile kipande cha plastiki ubavuni mwa kaseti, mtu asiweze kurekodi juu yake.

Sasa nakuja kwangu. Tarehe 28 Agosti 2000 televisheni ilionyesha watu wakitia saini amani ya nchi hii kule Arusha. Nilitaka watoto wetu waje waione siku vita ilipoisha. Maduka yalifungwa, kaseti tupu sikupata. Nikachukua moja rafuni kwake bila kuangalia, nikaona tundu ubavuni, nikaliziba kwa sparadra, ile plasta ya kidonda. Ujanja huo alinifundisha yeye mwenyewe. Nikarekodi hotuba, saa tatu nzima, mpaka utepe ukaisha. Na vita haikuisha. Mabomu ya Julai mwaka huu mmeyasikia wenyewe.

Jumapili yake ilipofika, akaona watu wenye tai wanatia saini. Aliitazama yote mpaka mwisho, labda kimebaki kipande. Hakikubaki. Aliniambia, "Si kitu, ndugu." Afadhali angenipiga.

Ugonjwa wa sukari ulianza mwaka 2001. Dawa ilipatikana leo, kesho haipatikani, na mwaka jana macho yakazima. Wiki iliyopita aliniita kitandani, akanishika mkono. "We ulikuwa mbele siku ile," akasema. "Nieleze vile Annick alikuwa anacheza."

Ndugu zangu, siku ile mimi nilikuwa namwangalia Lukoji. Nilitunga. Nikamwambia alizungusha mikono hivi, akainua kichwa, akacheka. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Apana," akasema. "Uyo si Annick."

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Novemba 2003, saa nne asubuhi. Hakuniuliza tena.

Ameacha watoto wawili, Consolée na Dieudonné, mjukuu mmoja, na mdogo mmoja. Ninyi wa Ngagara, kama kuna mwenye picha ambayo Annick ameonekana, hata pembeni, hata nyuma ya mtu mwingine, ampe Consolée. Ameanza kuisahau sura ya mama yake.

Mungu amlaze kaka yangu mahali ambapo hakuna ndugu wa kumfutia kitu.