Tundu la Mia na Kumi na Nne

"Weka chini hiyo mashine, Nereida. Nimesema weka chini!"

"Mama, baba aliniomba mimi. Kwa mdomo wake."

"Na mimi aliniambia kwa mdomo huohuo: hilo tundu ni langu, liache. Sasa muongo nani, mimi au marehemu?"

"Hakuna aliyesema kuna muongo."

"Basi toka hapo. Watu wako sebuleni wanakunywa chokoleti, wewe unataka kutuchomea nyumba."

Wasikilizaji wapendwa, hivyo ndivyo nilivyowakuta jana alasiri, mjane na binti yake, wamesimama gerejini kwao, pande mbili za gari lisilo na injini. Rozari ya siku ya tisa ya msiba ilikuwa imekwisha muda mfupi tu. Nilikwenda na kinasa sauti kuchukua maneno mawili matatu ya familia. Nikapata zaidi.

Mimi ni Ivelisse. Leo tunamkumbuka Heriberto Nazario, fundi wa bodi za magari hapa mjini Moca. Wengi mlimwita Berto. Berto Nazario ametutoka akiwa na miaka sitini na minane. Ameacha mke, Migdalia, na binti mmoja, Nereida, ambaye naye ni fundi wa kuchomelea.

Kazi yake mnaijua, lakini nitaisema kwa ajili ya wale wanaodhani gari ni la kuendea dukani tu. Gari linatoka kiwandani likiwa na matundu kila mahali chini ya boneti. Ya waya, ya skrubu, ya vishikizo. Berto aliyaziba yote, moja moja, kwa moto. Akasaga, akapiga msasa, akapuliza rangi. Ukifunua boneti unakuta bati limenyooka kama shuka iliyopigwa pasi, na injini imekaa katikati peke yake. Wengine wanajaza puti, ule uji mzito wa kuzibia bati. Berto alisema puti ni uongo uliopakwa rangi. Injini ikipata joto, uongo unapasuka.

Bati la gari la zamani ni jembamba. Ukichomelea kwa pupa linayeyuka, na tundu la ukubwa wa dengu linakuwa la ukubwa wa kidole. Kwa hiyo Berto alipiga nukta moja ya moto, akangoja lipoe. Nukta moja, akangoja. Kwa watu hakuwa na subira hivyo. Aliwahi kumfukuza mteja kwa kupiga honi getini.

Wala sitawaambia hakukosea. Mwaka tisini na tatu alilifanyia kazi gari la mume wangu. Akaziba kila kitu. Akasaga kila kitu. Akasaga na namba ya chasisi. Narudia, wasikilizaji: alisaga namba ya chasisi, akapaka rangi juu yake, akajisifu. Polisi wakafunua boneti, wakaona bati safi lisilo na namba, wakasema hili la wizi. Wakaondoka nalo. Hatukuliona tena.

Nilimwendea nikiwa na mtoto kiunoni. Nikamwambia, "Berto, umelipiga pasi gari langu mpaka limetoweka."

Akanitazama. Akauliza, "Jirani, unaingia kazini saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri. Inakuhusu nini?"

Kesho yake nilimkuta getini na pikapu yake, injini inawaka. Na kesho kutwa. Alinileta hapa redioni miezi kumi na minne, mpaka tulipopata gari lingine. Neno samahani hakulitamka hata siku moja. Mimi nilikuwa nimechoka, yeye amechoka, tulikuwa hatusemeshani njia nzima. Tangu hapo, kila gari lililoingia kwake alianza kwa kuizungushia namba ya chasisi chaki nyekundu. Kopo la chaki hizo bado liko mlangoni.

Sasa gari lake mwenyewe. Corolla ya mwaka themanini na moja. Aliianza Nereida alipomaliza shule, akaifanyia kazi kila alipomaliza magari ya wengine, yaani mara chache. Alihesabu matundu mia na kumi na manne. Ilimchukua miaka kumi na moja. Kimbunga kilipotuacha miezi saba bila umeme, alisugua bati kwa msasa na mkono mtupu.

Na katika miaka yote hiyo alikuwepo mtu mwingine ambaye hamkumwona kwenye maonyesho ya magari. Namsema Migdalia. Fundi wa kazi hii hajui kama tundu limezibika mpaka mtu aingie ndani ya gari na tochi, amulike ule ukuta wa bati ulio mbele ya miguu ya dereva. Mwanga ukipenya upande wa injini, kazi haijaisha.

"Miaka kumi na moja," Migdalia aliniambia, "nimekaa kwenye kiti cha dereva cha gari lisilokwenda popote. 'Washa. Sogeza kushoto. Kushoto kwako, mwanamke!' Hapo ndipo tulipozeekea, Ivelisse. Aliniahidi, likizibwa la mwisho naweka injini, nakupeleka pwani, Cabo Rojo, tukale samaki. Mimi hiyo Cabo Rojo bado naingoja."

Miaka miwili iliyopita mikono ya Berto ilianza kutetemeka. Yalikuwa yamezibwa mia na kumi na matatu. Likabaki moja. Akamwambia mkewe: hilo ni langu, liache. Migdalia akaelewa kwamba ameliacha makusudi. Kwamba tundu likiwa wazi, kazi ipo, na mwenye kazi yupo. Lakini hospitalini, siku mbili kabla ya kufa, alimwambia binti yake: nizibie.

Ndiyo ugomvi huo niliowakuta nao.

"Ukiziba umemmaliza," mama alisema. "Safari imekufa. Nitabaki na nini?"

"Na gari, Mama. Utabaki na gari."

"Sijaomba gari!"

Mimi ni mama wa watoto wanne, sina muda mrefu wa kusikiliza watu wakizunguka palepale. Nikauliza, "Nani ana hakika kwamba limebaki moja? Tangu augue, mmewahi kumulika?"

Hawakuwa wamemulika.

Migdalia alichukua tochi kutoka msumari wake, akaingia kwenye kiti cha dereva, akashusha pumzi kama mtu anayerudi zamu. "Nimewasha," akasema.

Nereida na mimi tukainama chini ya boneti. Tundu la mwisho lilionekana wazi. Lakini kando yake palikuwa na nukta nyingine tatu za mwanga, ndogo kama za sindano.

"Mama. Yako manne."

"Manne ya wapi? Mimi sikosei hesabu."

Akashuka, akanipa tochi, nikaingia mimi. Nilisikia kidole cha Migdalia kikipapasa bati.

"Hii si kutu," Nereida alisema. "Ni moto. Mtu alikuwa anachomelea, mkono ukamtoroka, bati likatoboka. Akajaribu tena, likatoboka tena."

"Lini? Mimi niko humu kila siku."

"Jumapili uko kanisani."

Migdalia akasema polepole, "Nikirudi misa nilikuta nyumba inanuka moto. Ananiambia ameunguza mkate. Kila Jumapili, mkate. Nami nikaamini, maana kupika hakujua." Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Hakuliacha basi. Lilimshinda. Alikuwa humu peke yake, bila mtu wa kumshikia tochi."

Wasikilizaji wapendwa, natoa rambirambi hapa, kwa sababu mbele sitaongeza neno langu. Migdalia, Nereida, poleni sana. Wa Moca tumempoteza fundi. Na wewe unayenisikiliza, fikiri: ni nani aliyekuambia amekiacha kitu makusudi, ukamwamini kwa sababu na wewe ulikuwa umechoka kuuliza?

Migdalia alikaa kwenye ile ndoo kiasi cha kumaliza kikombe cha kahawa. Kisha akainuka.

"Nipishe, Ivelisse. Hicho kiti changu." Akaniondoa, akaketi, akajifunika miguu kwa taulo lililolowa maji, cheche zisimuunguze. "Nereida. Ziba."

"Yote manne?"

"Yote. Na usikimbie."

"Fumba macho, Mama."

Nukta moja, akangoja. Nukta moja, akangoja. Waliokuwa sebuleni walitoka na vikombe vyao, wakasimama mlangoni. Nereida akazima mashine, akasaga, akapuliza vumbi.

"Washa."

"Nimewasha."

"Sogeza kushoto."

"Kushoto kwangu, najua." Sauti yake ilikuwa imechoka kabisa. "Unaona mwanga?"

"Sioni kitu, Mama."

"Angalia tena."

"Nimeangalia. Hakuna."

Migdalia akazima tochi. Hakushuka.

"Basi leteni injini," akasema.