Goli Lililoandikwa kwa Jina Langu

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, nawasalimu kwa upendo. Mchungaji amenipa nafasi fupi nami sitawachosha, ila naomba mnivumilie, kwa sababu sijazoea kusimama mbele za watu bila mpira miguuni.

Wengi wenu hapa Mabawe mnanijua. Mnanijua kama binti aliyetoka hapa akaenda kucheza ligi ya taifa ya wanawake, akarudi na kiatu cha dhahabu cha mfungaji bora. Siku niliporudi nacho mlinipokea kwa ngoma. Leo nataka niwaambie habari ya kiatu kile.

Katika timu yetu tulikuwa washambuliaji wawili, mimi na mwenzangu mmoja wa Biharamulo. Sitamtaja jina. Tulilala chumba kimoja kambini, na kwa kuwa tulikuwa wawili tu wa kutoka huku kwetu, wenzetu walituita mapacha. Nikiumwa yeye ndiye aliyenifulia jezi. Msimu ule wa mwisho tulifunga kwa kupokezana, leo yeye, kesho mimi, mpaka tukaingia mechi ya kufungia ligi tukiwa tumelingana magoli, na nyuma yetu hakuna aliyetukaribia. Tukajua mmoja wetu ndiye atakayechukua kiatu. Asubuhi ile aliniambia, "Akichukua yeyote kati yetu, kimekuja nyumbani." Nikaitikia. Lakini moyoni, ndugu zangu, nilikuwa nakitaka peke yangu.

Mechi ikaenda bila goli hadi dakika za mwisho. Tukapata kona. Mpira ukaja juu, mwenzangu akaruka akaupiga kichwa, na kiwiko cha kipa kikamkuta mdomoni. Akaanguka. Mpira ukavuka mstari. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale langoni, niliuona kwa macho yangu ukivuka wote. Halafu nikaupiga teke, ukaingia wavuni kwa kishindo.

Nikakimbia kushangilia. Mwenzangu yuko chini, mdomo unavuja damu, na mimi nakimbia.

Mwamuzi alikuwa na kadi yake ya kuandikia mkononi. Akatutazama, akauliza, "Nani kafunga?" Nikainua mkono, kisha nikamgeuzia mgongo ili aone namba yangu vizuri. Akaandika. Hakuna aliyenilazimisha. Nilifanya hivyo kwa akili zangu timamu.

Jioni, kambini, mwenzangu akiwa na pamba mdomoni na jino moja halipo, aliniuliza kwa upole, "Ule mpira si ulikuwa umeshavuka?" Nikamjibu, "Sijui. Mwamuzi ndiye aliyeona." Hakuuliza tena. Kesho yake alihamia chumba kingine.

Nilikabidhiwa kiatu mbele ya watu, nikapigwa picha. Na kwa sababu yake, timu moja ya nje ya nchi ikaniita kwenda kufanya majaribio. Waliita mfungaji bora, yaani ilipaswa aitwe yeye. Nikaenda. Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa naufuata mpira kama mtu anayefukuza kuku kwenye uwanja usio na ua. Kila nikifika langoni miguu inakuwa mizito. Nikarudishwa. Msimu uliofuata huku nyumbani sikufunga hata goli moja. Kocha akaniweka benchi, kisha timu ikaniacha.

Nikarudi hapa. Mama alikuwa ametundika rafu ukutani kwa ajili ya kile kiatu, anakipangusa vumbi kila Jumamosi, na kila mgeni anaonyeshwa. Mimi nikawa nakaa siku nzima kwenye pombe ya ndizi. Mlinisema, najua, na mlikuwa na haki. Mlidhani nalilia mpira. Sikuwa nalilia mpira.

Mwaka jana mwalimu wa shule moja huku kwetu alikuja kuniomba nikazungumze na wasichana wao. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu Mama akasema nitaenda, basi nikaenda. Binti mmoja wa darasa la sita akasimama akauliza, "Dada, goli lipi uliloruka juu kuliko yote?"

Nami nikajibu. Nikawasimulia ile kona, jinsi mpira ulivyokuja, jinsi nilivyoruka, jinsi kipa alivyonipiga kiwiko nami sikujali. Nikaonyesha na shingo. Watoto wakapiga makofi. Nikajikuta nimeiba hata kichwa cha mwenzangu, hata kiwiko alichopigwa. Na jino langu hili hapa, zima.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja nyumbani. Nikamkuta Mama anachambua maharage uani. Nikakaa chini nikamwambia yote, toka kona mpaka darasa la sita. Mama hakunyanyua uso, aliendelea kuchambua. Nilipomaliza akauliza, "Anakaa wapi huyo mwenzako?"

"Biharamulo. Nasikia anafundisha mpira wasichana."

"Magari ya Biharamulo yanatoka Ngara mjini kila asubuhi, mwana wanje, mwanangu."

Akarudi kuchambua maharage yake.

Nikakifunga kiatu kwenye kitenge, nikapanda gari. Nilimkuta uwanjani, anapanga koni. Aliniona nikija, akaendelea kupanga mpaka akamaliza. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yote yakapotea. Nikasema tu, "Lile goli lilikuwa lako. Niliuona mpira ukivuka."

Akanitazama usoni. Kisha akasema, "Najua uliona. Macho yetu yalikutana nikiwa chini. Ulidhani nimezimia?"

Ndugu zangu, hilo sikuwa nalijua. Miaka yote hiyo alijua, na hakwenda kwa mtu yeyote kunishtaki.

Nikampa kiatu. Akafungua kitenge, akakitazama, akakifunga tena. "Sikitaki. Kina jina lako. Nilikukasirikia sana, na hata sasa hasira haijaisha yote, nisikudanganye. Lakini umekuja." Kisha akasema, "Ninachotaka, siku moja usimame mahali wanapokujua, useme kama ulivyoniambia mimi."

Nililia pale uwanjani, na wasichana wake wanatutazama. Akaniambia nifute machozi nimsaidie kushika mipira.

Tuliandika barua kwa wahusika wa ligi. Wakajibu kwa heshima kwamba ripoti ya mwamuzi ikishafungwa haifunguliwi. Kwa hiyo kwenye kumbukumbu zao jina litabaki langu. Ndiyo maana nimesimama hapa. Alichoniomba nimekitimiza leo, na mniamini, kifua changu ni chepesi kuliko kilivyowahi kuwa tangu siku ile.

Namshukuru Mungu aliyenipa muda wa kurudi nyuma. Namshukuru Mama yangu, yule pale, ambaye hakunilaumu, alinionyesha gari tu. Ile shule nilirudi, nikawaambia wale wasichana ukweli, nawashukuru kwa kunisikiliza mara ya pili. Namshukuru mwenzangu kuliko wote. Siku hizi mwisho wa mwezi naenda Biharamulo kumsaidia mazoezi. Hatujawa mapacha kama zamani, lakini tunakula sahani moja.

Wadogo zangu mnaokuja nyuma, nina neno moja kwenu. Kama kuna mtu umemwacha chini ukaenda kushangilia, mrudie angali hai. Usingoje akushtaki, huenda hatakushtaki kamwe, na huo ndio mzigo mzito zaidi.

Na kuanzia leo, mtu akiwauliza habari zangu, mwambieni hivi: yule binti alicheza vizuri sana, akawa mfungaji wa pili katika ligi ya taifa.