Dawa Iliyo Chini ya Bahari

Gari letu la kwenda Mocímboa lilikuwa limeshapita Olumbi. Germano, kijana wa meli ya kutafuta gesi, alikuwa akimsimulia mama aliyekaa karibu naye kwamba kule chini ya bahari, kwenye giza na baridi, kuna matumbawe ambayo wataalamu wanasema huenda yakatoa dawa ya saratani.

Mama akamshika mkono. "Saratani? Mwanangu, huyu mdogo wangu Sumaia ana saratani ya titi, nampeleka hospitali!"

"Bado si dawa, mama. Wanajaribu tu. Labda miaka ishirini."

Mimi niliyejifanya nimelala nikafumbua macho.

Sumaia akauliza taratibu, "Na mitambo yenu mtaishusha wapi?"

"Hukohuko," alijibu Germano.

"Juu ya dawa?" mama akapiga kelele.

Gari likasimama Mocímboa. Germano, aliyepaswa kushuka hapo, hakuinuka.