Picha Yangu Haikai kwenye Biskuti

Sogeeni wanangu, na wewe mama yao niinulie mto, maana sauti yangu haifiki mlangoni, na mwenye kuhusika ndiye kasimama mlangoni na ufunguo wa gari mkononi, kana kwamba kapita tu kusalimia.

Nyumba hii ni ya mama yenu maisha yake yote, asije mtu akamhamisha chumba. Vyuma vyangu vya mazoezi ni vya binti yangu, askari mwenzangu, kwa kuwa ndiye pekee anayeweza kuvinyanyua. Nyinyi wengine mlivianikia soksi.

Sasa wewe, kifunguamimba. Umepata zabuni ya kulisha jeshi, hongera, umetajirika kwa biskuti ambazo paka wa mama yako alizinusa akaenda zake, na bado unataka picha yangu, ile nimevaa gwanda, uibandike kwenye pakiti juu ya maneno "Chakula cha Wenye Nguvu". Nguvu gani, mwanangu?

Nilikuwa mkufunzi wa mazoezi, nikiwajua vijana wangu kwa mabega kabla ya sura. Mstari wa mbele tulikula hizo hizo, asubuhi biskuti na sukari, jioni biskuti na mafuta ya kopo, nyama tukiisikia kwenye hadithi. Wakaja wakubwa, matumbo yametangulia, wakatupandisha kwenye mizani, wakakuta uzito haujapungua, wakaandika kwamba vijana wana mwili. Mwili. Kwao wa msuli na wa mafuta ni mamoja, ilimradi mshale umesimama palepale. Mimi niliona mabega yakiporomoka na viuno vikilainika, na wanaume waliokuwa wakipanda kamba kwa mikono mitupu sasa wananing'inia tu hapo chini. Nikasema. Nikaambiwa, sajenti, mizani haidanganyi.

Baba yenu mdogo, tuliyenyonya naye ziwa moja, alipigwa risasi ya paja. Tulimbeba kwa machela watu wanne, gari la hospitali tunaliona pale juu mlimani, na kila tukienda kidogo tunamweka chini, mikono imekufa, tunahema. Akaniambia, "Kaka, usinitue tena." Nikamtua. Damu ikamwishia tukiwa bado tunalitazama lile gari. Na mwili tulikuwa nao, wote wanne.

Kwa hiyo picha hupati. Ukitaka sura ya kuuzia uongo, bandika yako, mashavu unayo ya kutosha. Na kama una aibu hata ya kukopa, tia humo maharage, tia karanga na samaki mkavu, faida ipungue, gari hilo ulisukume kwa kukosa mafuta. Dada yako anaondoka na kikosi mwezi ujao, na atakachokula huko ni chako. Umelifikiria hilo, au hesabu zako haziendi mpaka huko?

Maji kidogo, mama... basi, yatosha. Nikifa mnizike mapema, na wale wenye matumbo wasipewe nafasi ya kuhutubia. Mama yenu msimwache peke yake. Binti yangu, radhi zangu unazo, nenda urudi mzima.

Na wewe... usilie, mwanamume mzima. Ulidhani nitakunyima radhi? Nimekudharau, sijakukana. Njoo. Piga magoti, lete kichwa nikubariki... Inama. Inama tena, baba... mkono haupandi.