Bi Riyama na Injini Zinazovuta Hewa ya Bahari

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi Riyama Hija Shaame anastaafu, baada ya kuitumikia karakana ya injini ya Ndege za Mbayuwayu, Unguja, kwa miaka thelathini na minne. Toleo lililopita la jarida hili lilimpa mistari miwili, chini ya picha ya mashine mpya ya kahawa ya abiria. Sisi wa karakana na stoo ya vipuri tuliona hesabu hiyo haikai sawa, tukaomba ukurasa mzima. Tumepewa.

Tarehe hiyo imetukosesha raha mwaka mzima, na sababu kila mtu hapa anaijua. Ndege ikishafunguliwa injini hairuki tena mpaka fundi mwenye leseni atie saini kuwa ameikagua na ameridhika. Katika kampuni yetu leseni hiyo alikuwa nayo mtu mmoja. Uongozi ulishatwambia waziwazi: Bi Riyama akiondoka bila mrithi, ndege zote kumi na moja zitakuwa zikikaguliwa bara, na karakana itageuzwa stoo ya mizigo. Mafundi saba wangehama au wangetafuta kazi nyengine.

Yeye mwenyewe hakuajiriwa kama fundi. Alitoka kwao Matemwe, kijiji cha ufukweni, akaja kushona vitambaa vya viti, wakati kampuni ina ndege tatu tu. Kila akileta viti vyake hangani, kwenye banda la ndege, alikuwa haondoki. Siku moja akamuuliza fundi mkuu wa zamani hizo kwa nini ndege hizi zinatoa moshi mbele, karibu na propela, ilhali gari linatoa nyuma. Akaambiwa arudi kwenye mito yake. Akarudi, akaimaliza, akaja tena na swali lile lile. Fundi mkuu aliona kumjibu ni kazi nyepesi kuliko kumfukuza: katika injini hii hewa inaingizwa kwa nyuma, inashindiliwa, inachanganywa na mafuta na kuwaka, kisha inatokea mbele. Hapo ndipo alipojiponza, kwa sababu jibu lile lilizaa maswali ya miaka miwili, na mwisho wake Bi Riyama akapelekwa kusoma.

Aliporudi na leseni, akawa hafundishi kwa vitabu kwanza. Huweka feni mbili za mezani zikitazamana. Moja imechomekwa umeme, nyengine waya wake umekatwa. Ya kwanza ikishika kasi, upepo wake unaizungusha ya pili. Ndivyo injini zetu zilivyo. Moto unazungusha turbini ya kwanza, ambayo kazi yake ni kushindilia hewa. Upepo wa moto unaobaki unazungusha turbini ya pili, na hiyo ndiyo yenye propela. Baina yao hakuna chuma kinachoziunganisha, ni upepo tu. Wapo marubani wenye saa elfu tano angani waliowahi kusimama mbele ya feni hizo mpaka chai yao ikapoa.

Jambo lililomshughulisha zaidi ni chumvi. Ndege zetu haziendi popote bila ya kupita juu ya bahari, tena chini chini, na kila inachovuta injini kina chumvi ndani yake. Chumvi hiyo hugandana kwenye visu vya kompresa, sehemu ile inayoshindilia hewa, tabaka jembamba kuliko karatasi. Kisu kinapoteza umbo lake, hewa inashindiliwa kidogo, na ili injini itoe nguvu zile zile inabidi itumie mafuta zaidi na ipate joto zaidi. Dawa yake ni kuosha. Jioni, baada ya safari ya mwisho, injini huzungushwa kwa stata bila ya kuwashwa, maji matamu yakapulizwa ndani, kisha ikawashwa ikauke. Abiria mmoja aliwahi kutoka mbio akidhani tunazima moto.

Na hapa lazima tuseme habari ya chai, maana yeye mwenyewe huisimulia kwa kila fundi mpya. Mwaka mmoja wa ukame mabomba yalikauka, tukawa tunaletewa maji kwa boza. Kipima chumvi chetu kilikuwa kimeharibika. Bi Riyama akachovya kidole, akalamba, akasema matamu, yakatiwa tangini. Baada ya wiki chache marubani wakaanza kulalamika: ndege mbili zilikuwa na joto lililozidi kwa digrii ishirini. Tukabadilisha geji, tukabadilisha nozeli za mafuta, joto liko pale pale.

Ikatokea siku jiko la wafanyakazi halina maji. Khamisa, mpishi wetu, mtu wa mjini, Mpendae, akachota kwenye tangi la kuoshea injini akapika chai. Funda la kwanza watu wakatema.

“Nani kanitilia chumvi kwenye chai yangu?” akauliza Khamisa.

Bi Riyama alikuwa ameshafika nusu ya kikombe. “Mbona nzuri tu,” akasema.

“Nzuri kwako wewe, Bi Riyama, ulokulia visima vya ufukweni. Sie wengine hatunywi bahari.”

Bi Riyama akakiweka kikombe, akatazama tangi. Mtu aliyelelewa na maji ya chumvichumvi hawezi kuisikia chumvi yake, kwake hayo ndiyo maji. Tulikuwa tunaosha chumvi kwa chumvi. Ofisini tayari palikuwa na waliotaka kumwangushia lawama Talib, dereva wa boza, akose kazi, yaishe. Bi Riyama akapanda juu kabla hawajakaa kikao. “Talib kaleta maji ya kisima alichoagizwa. Aliyelamba ni mimi,” akawaambia. Akasimamishwa kutia saini miezi mitatu, ndege zikawa zinakaguliwa bara. Tangu hapo, na kipima kipya tunacho, maji hayaingii tangini mpaka yaonjwe na watu watatu wa mitaa tofauti. Yeye hakuonja tena.

Mwaka jana uongozi ulimwomba aongeze mkataba. Akakataa. “Nikiongeza mwaka, mtalala mwaka. Halafu mtaniomba mwengine,” alisema, na sisi tulimkasirikia, tusifichane. Akamshika Mize, fundi wetu ambaye mkono wake haukosei lakini mtihani wa leseni ulishamkataa mara mbili. Kila jioni alimpa kisa cha ndege mbili zile zilizopata joto, akamuuliza: ungeanza wapi? Mize alijibu nozeli. Siku nyengine akajibu geji. Bi Riyama alikuwa hamwambii kitu, anamwachia aende nalo nyumbani.

“Ningeanza na kile nilichokikagua mwenyewe,” Mize akasema siku moja, huku anakaza nati.

“Haya, mwanangu. Nenda kafanye mtihani wako.”

Amefaulu. Leseni ilifika wiki ya pili ya mwezi huu.

Jumamosi iliyopita Bi Riyama alikuwa na harusi ya mpwa wake Pemba. Ndege ya asubuhi ilikuwa imefunguliwa injini siku moja kabla, na saini ilikuwa ya Mize peke yake. Tulidhani atapitia karakana kwanza, aombe karatasi azisome. Alikuja na abiria wenzake, kanga mpya na mkoba wa halua, akapanda, akakaa kiti cha nyuma. Rubani ametwambia kuwa walipotua Pemba ilibidi waende kumwamsha.

Kibao cha “Stoo ya Mizigo” kilichokwisha kuchongwa kiko stoo ya vipuri, anayekihitaji aje akichukue.

Bi Riyama, ahsante. Mungu akupe afya, akuzidishie usingizi kama ule, na maisha yako yajayo yawe mema, wewe na wote wa nyumbani kwako.

Anuar Borafya, stoo ya vipuri, kwa niaba ya wenzake